Ngoma Zinazosikia Mkono

Nilipokutana na Taban mwaka huu kwenye harusi ya mpwa wake kule Gurei, nilimpita mara mbili bila kumtambua. Amenenepa, ana kitambi cha mtu anayelipwa kwa kukaa, na nywele zimemkimbia zote. Yeye alinijua papo hapo. Alinishika bega mdomo ukiwa umejaa nyama, akameza, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika meza nzima, "Kiden! Wewe bado napiga na kushoto?" Watu waligeuka kunitazama kana kwamba nilikuwa bondia. Nilicheka mpaka soda ikanipalia. Tulitafuta viti viwili pembeni mwa turubai, mbali na spika, tukala kisira na mchuzi wa bamia kavu huku vijana wa bendi wakitengeneza nyaya zao. Mpiga ngoma wao alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani ya jua, na seti yake ya ngoma za umeme ilikuwa mpya, inang'aa, kila kitu kinawaka taa za bluu. Taban aliitazama kwa muda. "Hizi ngoma ya siku hizi iko na akili mingi," alisema. "Lakini ile yetu ilikuwa na masikio." Nimefikisha umri wa kupenda kukumbushwa mambo, na jioni ile nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeitafuta. Kwa hiyo acha nieleze ule mwaka ambao tulichagua ngoma zenye masikio, nami nusura nichague nyingine.

Sitaeleza hapa tulivyotoka Kenya kuja Juba wala nani alibaki wapi. Karibu kila nyumba ya Juba ina hadithi hiyo, na wengine wanaisimulia vizuri kuliko mimi. Inatosha kusema kwamba nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, nikiishi Hai Mauna na Aunti Yunisi, dada ya mama yangu, aliyenilea tangu sijaweza kutembea. Tulikuwa na chumba kimoja cha matofali na rakuba ya matete iliyoegemea ukuta wake, ambamo tulipika, tukala, na kupokea wageni. Chumbani kulikuwa na vitanda viwili, sanduku la bati, na pazia la maua lililotenganisha kulala na kila kitu kingine. Napenda kukumbuka chumba kile saa za asubuhi, Aunti akikaanga unga wa uji huku akinung'unika juu ya bei ya mkaa, na jirani yetu fundi wa milango akianza kugonga mabati yake. Nilikuwa nimeshazoea kulala usingizi mzito kelele ile ikiendelea. Sikuwa nimeuzoea mji. Kiswahili changu kilikuwa cha Nairobi, Kiarabu changu cha Juba kilikuwa cha kuombea maji tu, na wanawake wa sokoni walikuwa wakiniuliza, bila ubaya wowote, mimi ni mtu wa wapi. Niliulizwa hivyo mpaka nikaanza kujiuliza mwenyewe. Mahali pekee ambapo hakuna aliyeuliza palikuwa kanisani, nyuma ya ngoma. Nilikuwa nimejifunza kupiga ngoma huko Kenya, kwaya haikuwa na mpigaji, nikakaa kwenye kile kiti, basi. Nikiwa pale nilikuwa mtu wa pale.

Zile ngoma za zamani zilitoka Kampala na kwaya iliyotutangulia. Zilikuwa pedi za mpira mgumu zilizofungwa kwenye bomba za chuma, moja imepasuka na kuzibwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na kisanduku chenye vitufe kilichotoa sauti kupitia spika. Tabia yake moja kubwa ilikuwa hii: uiguse pedi kama unafukuza nzi, au uipige kama unapasua kuni, ilitoa sauti ileile. Haikujua tofauti ya mtu mwenye hasira na mtu mwenye huruma. Nyimbo za vijana hazikupata shida, kwa sababu vijana tulitaka kelele tu, na kelele tulipewa. Shida ilikuwa kwa wakina mama.

Mwaka ninaousema ulianza na mavuno ukaishia na mavuno. Siku ya mavuno wakina mama wa kanisa letu huingia kwa mstari na vikapu kichwani, mtama, karanga, simsim, maboga, wakitembea taratibu kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Wimbo wao ni wa Kibari, na huanza chini sana, jinsi mtu anavyobisha hodi nyumba ya mtu mkubwa, ukipanda kidogo kidogo kadiri wanavyokaribia mbele. Zamani waliupiga kwa nugara, ngoma ya ngozi, na mwaka ule mchungaji akaona ni vizuri bendi ya vijana iwasindikize. Nilingoja mstari wa kwanza upite, nikaingia na pigo dogo kuliko yote niliyokuwa nayo. Likatoka kama jiwe juu ya paa la mabati. Mama Poni, aliyeongoza mstari, mwanamke mrefu aliyeuza siagi ya karanga soko la Konyo Konyo na aliyeogopwa na wafanyabiashara wa huko, aliinua mkono. Mstari ukasimama. Akageuka, na wakina mama wote wakageuka nyuma yake na vikapu vyao kichwani, wakatoka nje hadi wa mwisho. Waliimba wimbo wao juani, nje, wakaumaliza, ndipo wakarudi ndani kimya na kuweka vikapu. Watu wengine walicheka. Mimi nilitamani saruji ya kanisa inifunike.

Mchungaji wetu alikuwa mtu asiyependa ugomvi hata kidogo, na baada ya wiki nyingi za kusikiliza kila upande aliamua kwamba zinunuliwe ngoma nyingine, zinazoweza kushuka. Wakina mama ndio waliochanga sehemu kubwa. Kwa hiyo Mama Poni alisimama kwenye kikao, akajifunga kitenge vizuri, akasema kwa ile Swahili yake ya Uganda iliyochanganyika na Kiarabu, "Kwes, sawa. Tunatoa. Lakini mavuno ingine ikikuja na hii kitu inatupigia kelele, kalas, basi, tunauza, tunarudi kwa nugara yetu." Mchungaji akaitikia kwa kichwa, na kila mtu akaandika akilini. Hakuna aliyenitazama, lakini nilielewa vizuri. Ngoma zikiuzwa, na kile kiti kingeondoka. Nilikuwa na muda hadi mavuno yafuatayo, na sikuwa na kitu kingine mjini mle kilichokuwa changu.

Tulikwenda Sherikat watatu: Taban aliyepiga kibodi, mimi, na Mama Poni aliyekuja kulinda mchango. Taban alikuwa amekulia Uganda, na alijisifu kwamba anawajua wafanyabiashara wote wa kule darajani ambako malori ya Kampala hushusha mizigo. Alimjua mmoja, Kato, Mganda mchangamfu aliyekuwa na duka la mabati lililojaa spika hadi darini. Kato alitutandikia seti mbili za ngoma nje, chini ya kivuli cha mabati, akavuta waya kutoka kwenye jenereta la muuza soda. Bei zake zilikaribiana. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeusi, pedi nyingi za mpira laini, na kisanduku chake kilikuwa na sauti za kila aina, hadi tarumbeta na mbwa. Ya pili ilikuwa ndogo, mguu mmoja umefungwa kwa waya, na badala ya mpira pedi zake zilikuwa na wavu mweupe uliovutwa kama ngozi. Ilikuwa imetumika kanisani kwa watu huko mbali kabla ya kufika hapa. Kato mwenyewe aliionyesha kwa mkono mlegevu. "Hii ndogo ni ya watu wa studio," alisema. "Kanisa nachukua kubwa."

Nilikaa kwenye ile kubwa, nikapiga mdundo wetu wa kuingilia, na barabara yote ikanipenda. Mafundi wa malori waliacha matairi yao wakaja kucheza. Taban alibonyeza tarumbeta, akambonyeza na mbwa, akacheka hadi akapiga magoti. "Hii, Kiden! Hii iko na sauti mingi, hakuna kanisa ya Juba iko na mbwa!" Kisha nikahamia kwenye ile ndogo, nikapiga mdundo uleule, kwa mikono ileile, na kilichotoka sikukijua. Haihati, yale matoazi mawili yanayobanana ambayo mkono wangu wa kulia uliyapiga mfululizo, yalitoa pigo moja juu, moja chini, moja halisikiki kabisa, jingine linapasua masikio. Ngoma ile ilikuwa inasema kila nilichofanya, na nilichofanya kilikuwa vibaya. Nilijaribu tena polepole. Ikawa vibaya polepole. Mafundi walirudi kwenye matairi yao. Mmoja alisema jambo kwa Kiarabu na wenzake wakacheka, na nikashukuru kwamba Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea maji. Nilisimama, nikasema nina kiu.

Nilipokuwa kwa muuza soda nilikuwa nimeshachagua. Kubwa. Ilikuwa na ngazi fulani ya kushuka, nilijiambia, si kama ile ya zamani. Ukibonyeza hapa na pale inapunguza. Taban alikuwa upande wangu. Nilijua ni ipi inayofaa kanisa na nilijua ni ipi inayonificha, na sikuona haya kuchagua maficho. Niliporudi na chupa yangu nilimkuta Mama Poni amechoka kusimama. Alikuwa amenunua samaki mkavu njiani, kifurushi kikubwa cha gazeti, na kwa kukosa mahali pa kukiweka alikilaza juu ya pedi ya wavu. Spika ikatoa sauti ndogo, laini, kama mtu anayeguna usingizini. Mama Poni alikiinua kile kifurushi, akakitazama. Akakilaza tena, taratibu zaidi. Ngoma ikaguna taratibu zaidi. Akakiangusha. Ngoma ikapiga kelele, na Kato akaruka kutoka kwenye kiti. "Mama, hapana, mama! Samaki hapana!" Lakini Mama Poni alikuwa ameshaingiwa na raha. Alichomoa samaki mmoja kwa mkia, akaigonga pedi kwa kichwa chake, ndogo, kubwa, ndogo, kubwa, akicheka kama msichana. "De shunu? Hii nini?" alisema. "Hii iko nasikia mpaka samaki! Ya biniya, wewe msichana, iko nasikia samaki!"

Kisha wote watatu walinigeukia. "Wewe ndiye unapiga," Taban alisema, "chagua." Ningesema kubwa wangenunua kubwa, na Mama Poni asingebisha, maana alikuwa ameshachoka na jua. Sikuongozwa na hekima yoyote. Niliongozwa na hasira. Ngoma ile ilikuwa imemsikia samaki mkavu vizuri kuliko ilivyonisikia mimi, na jambo hilo sikuweza kulimeza. "Hii ndogo," nilisema. Taban aliangalia kile kisanduku chenye mbwa kama mtu anayeaga maiti. Tulipakia ngoma zetu kwenye pikapu, na harufu ya samaki ilikaa kwenye ule wavu kwa muda mrefu.

Nikiwa na umri huu naona kwamba miezi iliyofuata ilikuwa miezi mizuri, lakini wakati ule sikuiona hivyo. Mvua zilianza. Tulifanya mazoezi alasiri kanisani, jenereta likinguruma nje ya dirisha, mabati yakitoa joto hadi kwenye madaftari ya nyimbo, na kila siku ngoma ilinieleza ukweli uleule. Mguu ulikwenda, mkono wa kushoto ulikwenda, mkono wa kulia ulikuwa mgumu kama mwiko. Nikitaka kunong'ona, ulipayuka, au ulikosa kabisa. Taban alivumilia, akavumilia, mwisho akazima kibodi. "Kiden, mimi nasikia wewe kama watu wawili nagombana nyumba moja," alisema. "Hii ya zamani ilikuwa nakuficha, dada." Nyumbani nilipiga mto kwa vijiti hadi sufi ikaanza kutoka na Aunti akaniuliza kama huo mto ulinikosea. Wakina mama walipita kila wiki kujaribu wimbo wao na sisi, wakasikiliza, wakasema malesh, pole, kwa upole ulioniumiza kuliko kusemwa, wakaenda kujaribu peke yao chini ya veranda. Niliwasikia kutoka ndani. Walikuwa wanaanza chini sana, na hakuna kitu kilichonikera kama jinsi walivyoweza kwa urahisi.

Siku iliyobadilisha mambo haikuwa na dalili yoyote. Tulikuwa mapumziko, na mama mmoja alituletea chai ya tangawizi kwenye glasi. Mtu aliyelelewa na Aunti Yunisi hashiki chai kwa mkono wa kushoto. Kushoto ni mkono wa chooni; hautoi kitu, haupokei kitu, hausalimii mtu, haugusi chakula. Kwa hiyo glasi ilikuwa kulia, na kushoto, kwa kukosa kazi, kukaokota kijiti na kuanza kuchezea haihati. Sikuwa nikisikiliza. Nilikuwa nikipuliza chai na kuwaza habari za viatu. Taban alikuwa amenipa mgongo, ameinama kwenye nyaya zake. Ghafla akasema, "Nani hiyo?" Nikamwuliza nani nani. "Hiyo mtu nakwisha kuja. Hiyo mtu napiga." Akageuka, akaangalia mlangoni, akaangalia nyuma yangu, kisha akaangalia mkono wangu. Nami niliusimamisha kama mtu aliyekamatwa. "Endelea," alisema. Niliendelea, na sasa nilisikia. Ulishuka hadi karibu na kimya, ukakaa pale, sawasawa, kila pigo limelingana na mwenzake, ukapanda nilipotaka upande. Chai ilinipoa mkononi. Taban alikaa kwenye spika, akasema pole pole, "Sasa kwa nini wewe naficha huyu mtu?"

Nilimwambia haiwezekani. Kuongoza kwa kushoto mbele ya madhabahu, wazee wakitazama, Aunti Yunisi akiwa kwenye mstari wa wakina mama? Kila mtu angesema hakunilea. Taban, ambaye alilelewa na babake asiyejali mkono gani umeshika nini, aliniona mpumbavu na akaniambia hivyo. Tulinuniana siku kadhaa.

Kisha ikaja alasiri ya karanga. Nilikuwa nimeoga, nimejilaza kitandani nyuma ya pazia, na Aunti na Mama Poni walikuwa kwenye rakuba wakimenya karanga za mavuno. Walidhani nimetoka. Napenda mazungumzo ya wanawake wanaomenya karanga. Hayana haraka, na kila jambo linasemwa katikati ya jambo jingine. Walisema kuhusu mume wa mtu, wakasema kuhusu mvua, wakasema kuhusu kichwa cha Mama Poni kinachouma. Halafu Mama Poni akasema, "Hiyo kijana ya kibodi anasema biniya yako iko na mkono ingine." Maganda ya karanga yaliendelea kupasuka. Aunti akamenya nyingine, kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, "Alizaliwa nao. Akianza kula alikuwa anakula na kushoto, akitambaa anashika kila kitu na kushoto. Nilimfunga kitambaa. Akilia namfungua, akinyamaza namfunga tena. Tulikuwa tunakaa kwa nyumba za watu, Mama Poni. Tunakula kwa sahani za watu. Niliogopa watamkataa." Alimenya kidogo. "Nilidhani niliumaliza." Mama Poni hakutoa neno la faraja. Alicheka kidogo kupitia puani. "Iko hai," alisema. "Nimesikia kutoka kwa veranda. Wewe lete hiyo karai, hii imejaa."

Nililala pale nikiutazama mkono wangu wa kushoto kama ndugu aliyekuwa akiishi nyumbani kwetu miaka yote bila mtu kututambulisha. Sikumkumbuka yule mtoto wa kitambaa. Wala sikumkasirikia Aunti, na bado simkasirikii. Nilimpenda zaidi, kwa sababu nilimwona akiwa msichana mdogo kuliko mimi, na mtoto asiye wake mgongoni, akihesabu macho ya watu kila anaponyoosha mkono kwenye sahani. Lakini nilifurahi pia, furaha ya ajabu iliyonifanya niume shuka nisicheke. Miezi yote ile nilikuwa nimeamini sijui kupiga.

Jioni ile tulikula asida na mboga ya kudra, na nilimwuliza moja kwa moja kabla sijaogopa. "Aunti, nikiongoza na kushoto siku ya mavuno, utaona haya?" Alichota, akatafuna, akameza. Hakuuliza nimejuaje. "Chakula utakula na kulia," alisema. "Ndiyo, Aunti." "Watu utawasalimia na kulia." "Ndiyo." "Aki, na usinipitishie chumvi na huo mkono hapa." "Ndiyo, Aunti." Akavuta sufuria karibu yake. "Hayo mengine ni mambo ya kanisa. Mimi si mchungaji." Alisema hivyo tu, na hakunitazama. Sikujua kama nimeruhusiwa au nimeachwa.

Kesho yake tuligeuza ngoma. Uzuri wa ngoma za umeme ni huo, hazina kiburi. Unalegeza skrubu, unahamisha kila pedi upande wa pili, kanyagio nalo linahama, nyaya zinafuata. Taban alichomeka nyaya vibaya, na nilipogonga ngoma ndogo ikalia toazi, nilipogonga toazi ikalia ngoma kubwa, tukacheka hadi ule mnuno wa siku zile ukaisha wenyewe. Kisha nilikaa. Sitadanganya kwamba nilipiga vizuri siku hiyo. Miguu ilichanganyikiwa kama watu waliobadilishiwa vitanda. Lakini mkono ulijua njia, na miguu ikaufuata kidogo kidogo, alasiri baada ya alasiri, mvua zikipungua, nyasi za nje ya kanisa zikianza kukauka. Wakina mama hawakuja kujaribu na sisi tena. Walikuwa na mashamba ya kuvuna, na pengine walikuwa wameshakata tamaa. Nilikwenda kwenye siku ya mavuno bila kujua kama wimbo wao utanikubali.

Kanisa lilijaa hadi madirishani. Mchungaji alisema maneno machache ya wasiwasi, kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa na nikaona vikapu. Mama Poni mbele, na wa nne nyuma yake, Aunti Yunisi na kikapu cha karanga, kitenge chake kizuri, uso umekazwa kama anapita kituo cha ukaguzi. Wakaanza. Chini, chini kabisa, hodi ya nyumba ya mtu mkubwa. Nilingoja mstari wa kwanza upite, kama mwaka uliopita. Kisha kushoto kukaingia. Niliona mgongo wa mwanamke mmoja ukishtuka, akingoja jiwe la paa. Jiwe halikuanguka. Nilikuwa chini ya sauti zao, nikitembea nao, na Taban alikuwa amegusa noti moja tu, akaiacha pale. Mama Poni hakunitazama, lakini alipunguza mwendo. Alishusha wimbo zaidi, makusudi, akinijaribu, nami nikashuka. Akashusha tena. Nikashuka hadi nikawa sina pa kushuka, na sasa kitu pekee kilichotushinda kwa sauti kilikuwa jenereta nje ya dirisha, linanguruma kama kawaida yake.

Mama Poni alisimama. Mstari ukasimama nyuma yake. Aliinua mkono uleule wa mwaka uliopita. Aligeuza kichwa kuelekea dirishani, vikapu vyote vikangoja, akaamuru kwa sauti ya sokoni, "Zima hiyo jenereta! Hatusikii ngoma!"

Mzee mmoja wa kanisa, mtiifu sana, alitoka mbio akalizima. Kibodi ikafa, spika zikafa, na ngoma yangu ikafa nazo. Mama Poni alisimama na kikapu chake, amekunja uso, akingoja sauti aliyoitaka, na niliona usoni pake akitambua taratibu alichokifanya. Nyuma kabisa mtu aliangua kicheko. Vijiti vyangu vilikuwa bado hewani. Nilikuwa sijui nicheke au nilie, na mkono wa kulia, kwa mazoea, ulikuwa umeanza kukiweka kijiti chini, ndipo nikasikia sauti ya Aunti Yunisi kutoka kwenye mstari, wazi, mbele ya wazee na madhabahu na watu wote wa Mauna.

"Kiden. Endelea na huo huo mkono."

Niliendelea. Kijiti cha kushoto juu ya wavu usio na umeme hutoa sauti ndogo kavu, kama kidole juu ya kikapu, na kanisa lote lilikuwa kimya kiasi cha kuisikia. Mama Poni akapokea wimbo mahali ulipokatikia. Walitembea hadi mbele kwa sauti ile, nyayo zao na kijiti changu, wakapanda pale wanapopandaga siku zote, wakaweka vikapu chini, na Aunti alipoinuka baada ya kuweka karanga zake alinitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza siku ile, akajifuta jicho kwa ncha ya kitenge, akaenda kukaa.

Hakuna aliyezungumzia tena kuuza ngoma. Wiki iliyofuata Mama Poni alipita kanisani na wakina mama wawili na bunda la waya mrefu begani, jipya, limetoka Sherikat. Waliwasimamia vijana hadi jenereta likahamishwa mbali, nyuma ya ukuta wa shule, ambako halisikiki. Kisha akaingia ndani peke yake, akasimama katikati ya viti, akaniambia nipige. Nilipiga. "Shusha," alisema. Nikashusha. Alirudi nyuma hadi mlangoni, na kutoka mlangoni akaniambia nishushe tena. Alisimama pale na mikono kiunoni kwa muda, kichwa kimeinama upande.

"Kalas," alisema. "Sasa tunakusikia."